Dupont anajaza uwanja, lakini timu njo inabeba kombe

Siku ya 27 mwezi wa saba 2024, kule Stade de France, fainali ya ragbi ya watu saba ilifika mapumziko ikiwa 7-7. Fiji, wenye walibeba zahabu ya 2016 na ya Tokyo, walikuwa hawajapoteza hata mechi moja kwenye Olimpiki. Kiisha Antoine Dupont akatoka kwenye benchi. Alikimbia na mupira upande wa kushoto, akamupa Aaron Grandidier Nkanang, huyu akafunga. Mbele ya mechi kuisha, Dupont mwenyewe akafunga mara mbili: 28-7. Ile njo ilikuwa zahabu ya kwanza ya Ufaransa katika michezo ile.

Kwetu namba 9 ni mufungaji. Katika ragbi ya watu 15, namba 9 ni ule anayetosha mupira kati ya miguu ya wanene na kuugawa. Akichelewa, timu yote inachelewa. Dupont anacheza pale, tena anaona nafasi mbele ya wengine.

Alifika Stade Toulousain 2017 akitokea Castres. Klabu hii si ngeni kwetu, sababu Yannick Nyanga, muzaliwa wa Kinshasa, aliichezea miaka mingi. Toulouse ilikuwa haijapata ubingwa wa Ufaransa tangu 2012. Pamoja na Dupont ikaupata 2019, 2021, 2023 na 2024, na Kombe la Ulaya 2021 na 2024.

Na washabiki? Ragbi ya watu saba ilikuwa na wapenzi wachache Ufaransa, na timu ya wanaume haikufika hata Tokyo. Mwanzo wa 2024, Dupont aliacha mashindano ya Mataifa Sita juu ya kuingia katika timu ile. Mwezi wa tatu wakashinda Los Angeles. Wakati wa Olimpiki, watu zaidi ya 60,000 walijaa uwanjani. Ni kweli, Olimpiki nyumbani inavuta watu yenyewe. Lakini wengi walikuja kumuangalia mutu moja, wakarudi nyumbani wakijua majina ya wengine.

Hapo njo kuna hatari. Timu ikisimama juu ya mutu moja, akianguka je? Katika Kombe la Dunia 2023, Dupont alivunjika mufupa wa shavu katika mechi na Namibia. Alirudi na kofia ya kukinga kichwa kwenye robo fainali, na hata vile Afrika Kusini ikashinda 29-28. Nyota alikuwa uwanjani, kombe likaenda kwa wengine.

Tarehe 8 mwezi wa tatu 2025, kule Dublin, goti lake likaharibika. Watu wakasema mambo yameisha. Kumbe Ufaransa ilishinda Ireland siku ile 42-27, wiki iliyofuata ikapiga Scotland 35-16 na kubeba Mataifa Sita. Mwezi wa sita, Toulouse bila Dupont ilishinda Bordeaux 39-33 kiisha dakika za nyongeza, ikabaki bingwa.

Sisi watu wa Lubumbashi jambo hili tunalijua. Mwaka 2010, Trésor Mputu alifungiwa mwaka muzima, yeye mwenye watu walikuwa wanamulipia tikiti. Wengi walishika kichwa. Lakini TP Mazembe ilibeba kombe la Afrika, ikaenda Abu Dhabi, ikapiga Internacional 2-0 na kucheza fainali ya dunia na Inter.

Viongozi wa klabu zetu wanapenda kununua jina ili kujaza uwanja. Si vibaya, mulango unaingiza franka. Lakini zile franka zifike pia kwa vijana wenye wanakaa kwenye benchi, sababu siku nyota ataumia ao atauzwa, wao njo watavaa ile jezi. Mushabiki anakuja mara ya kwanza juu ya nyota. Mara ya kumi anakuja juu ya timu.