Je, wajua? ImageMagick haisomi PDF yenyewe

Ipe ImageMagick, programu ya kushughulikia picha, faili ya PDF, uiombe ukurasa wa kwanza uwe picha, nayo itakupa. Lakini PDF hiyo haikuisoma yenyewe. Imeandika amri, ikaiita Ghostscript, programu nyingine inayosoma PDF, ikaisubiri imalize, kisha ikachukua picha na kuendelea na kazi.

John Cristy alianza kuiandika ImageMagick mwaka 1987 akiwa katika kampuni ya DuPont, Marekani, na mwaka 1990 ikatolewa bure kwa umma. Leo inashughulikia zaidi ya aina 200 za faili, na tovuti nyingi huitumia kupunguza picha wanazopakia watu. Sehemu ya uwezo huo ni ya kuazima. Faili iitwayo delegates.xml imeorodhesha programu za nje pamoja na amri ya kuita kila moja, na ndani ya amri kuna nafasi tupu. ImageMagick hujaza hapo jina la faili au anwani ya mtandaoni, kisha huikabidhi sheli, programu inayopokea amri na kuzitekeleza. Kwa mstari mmoja, kazi ya miaka ya watu wengine imekuwa yako. Naiheshimu sana njia hii ya mkato. Kuandika upya kisomaji cha PDF si ushujaa, ni kupoteza muda.

Hatari iko kwenye sheli. Haijui neno lipi limetoka kwa mwandishi wa programu na lipi limeletwa na mgeni. Mei 2016 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina ImageTragick. Faili ingeweza kuitwa picha.jpg huku ndani mna maandishi matupu: maelekezo ya kuchora, yanayotaka picha kutoka anwani kama hii:

https://example.com/a.jpg"|ls "-la

Alama ya nukuu iliifunga anwani mapema, na kilichofuata mstari wima kikawa amri kamili. Seva ikaitii. Hiyo ls huorodhesha mafaili tu, ila mahali pake pangekaa amri yoyote ile.

Wasimamizi wa seva walihimizwa kuzizima njia za kusoma anwani na maelekezo kama hayo katika policy.xml, faili ya mipangilio ya ImageMagick. Wewe unayeandika programu, iruke sheli kabisa. Kwa Python, moduli ya subprocess hupokea amri ikiwa orodha, kila neno peke yake, na hapo nukuu na mstari wima hubaki herufi tu. Jina la faili linaloanza na kistari bado laweza kudhaniwa ni chaguo la amri, litangulizie ./ kabla ya kulipitisha.