Kulala garini hakumwepushi mtu na bili ya stima

MADEREVA wa malori wanaosimama Kikopey, karibu na Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, hujulikana kwa kufuata nyama choma. Lakini kabla ya kurudi barabarani, dereva huwa pia na haja ya kitu kisichoandikwa kwenye orodha ya vyakula: mahali pa kuchajia simu, taa na betri ndogo za akiba.

Kwa anayesafirisha shehena kutoka Mombasa hadi mpaka wa Malaba au Busia, na kutoka huko kuingia Uganda, kichwa cha lori ni chumba cha kulala, jikoni na ofisi. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2020, madereva walipolala ndani ya malori kwa siku kadhaa huko Malaba wakingoja matokeo ya vipimo vya Covid-19. Hali kama hiyo ilishuhudiwa tena Januari 2022.

Wapo pia wasafiri wanaozunguka Afrika kwa magari yaliyogeuzwa kuwa nyumba, ambao hupiga kambi kandokando ya maziwa ya Elementaita na Naivasha. Nchini Marekani na Uingereza, kuna watu waliolemewa na kodi za nyumba na kuhamia katika magari ya aina hiyo mwaka mzima.

Wote hao hukabiliwa na swali moja: je, stima ya garini hugharimu kiasi gani? Jibu ni kwamba gharama hutegemea sana mahali stima inapotoka. Aidha, ile inayoonekana kuwa ya bure, kwa sababu haina mita wala tokeni, aghalabu ndiyo ghali kuliko zote.

Kuhesabu uniti

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa muda wa saa moja. Taa ndogo ya wati 5 inaweza kuwaka saa 200 kabla ya kumaliza uniti hiyo, ilhali hita ya wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa.

Chukua mfano wa mtu anayeishi garini bila anasa. Taa moja ikiwaka saa 5 kila jioni, friji ndogo ya gari ikifanya kazi mchana na usiku, simu mbili zikichajiwa, kompyuta ya mkononi ikitumika saa 4 na feni ndogo saa 5, jumla ni takribani uniti 0.86 kwa siku. Zaidi ya nusu yake huliwa na friji. Kwa mwezi, hizo ni kama uniti 26.

Iwapo uniti moja, pamoja na tozo na kodi zote, itakadiriwa kuwa Sh25, mtu huyo atalipa takriban Sh650 kwa mwezi.

Hesabu hubadilika pindi joto linapohitajika. Jiko la umeme la wati 1,000 likitumika saa 2 kila siku huongeza uniti 60 kwa mwezi. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa saa 4 kila usiku huongeza uniti 180. Ukijumlisha yote, matumizi yanapanda hadi uniti 266, na kwa makadirio ya Sh30 kwa uniti, bili inakaribia Sh8,000.

Kikopey iko katika Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kiyoyozi hakihitajiki huko, lakini baridi ya usiku humshawishi mtu kuwasha hita. Mombasa mambo ni kinyume: hita haina kazi, na anayetegemea kiyoyozi badala ya feni ndiye anayeumia.

Makundi ya bei

Bei ya umeme nchini Kenya huidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na wateja hugawanywa kulingana na matumizi yao. Tangu Aprili 2023, nafuu ya bei ya chini kabisa kwa wateja wa nyumbani hutolewa kwa wale wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Kundi la pili hufika uniti 100, na wanaopita hapo hutozwa bei ya juu. Kabla ya mabadiliko hayo, tangu Novemba 2018, nafuu hiyo ilikuwa ikiwafikia waliotumia hadi uniti 100.

Mteja huwekwa katika kundi kwa kuangalia wastani wa matumizi yake ya miezi 3. Kwa hivyo, mwenye kambi au nyumba ya wageni anayeruhusu magari kadhaa kuunganishwa kwenye mita yake hawezi kubaki katika kundi la chini, hata kama kila gari linatumia kidogo.

Ndiyo maana baadhi ya wenye kambi hutoza ada moja kwa kila gari kwa usiku. Utaratibu huo ni rahisi, ila una dhuluma ndani yake: anayewasha taa na kuchaji simu humlipia jirani anayepikia umeme. Katika kambi nyingi za Marekani, anayekaa kwa mwezi mzima hupimiwa kwa mita yake mwenyewe na kulipa alichotumia.

Injini inayonguruma bure

Dereva asiyepata soketi hugeukia injini. Gari likiwa safarini, hilo si kosa, kwa kuwa injini tayari inafanya kazi na kuchaji betri huongeza dizeli kidogo mno. Tatizo huanza lori linapoegeshwa na injini kuachwa ikinguruma.

Injini ya lori kubwa inaweza kutumia takribani lita 3 za dizeli kwa saa bila kusonga hata hatua moja. Dizeli ikikadiriwa kuwa Sh170 kwa lita, saa 2 hugharimu Sh1,020. Ikiwa katika muda huo dereva amepata umeme wa simu, taa na feni tu, yaani kama uniti 0.2, basi kila uniti imemgharimu zaidi ya Sh5,000. Kiasi hichohicho cha umeme kingemgharimu Sh5 kwenye soketi ya mkahawa.

Jenereta ndogo ya petroli ina afadhali, lakini si kubwa. Lita moja inaweza kutoa uniti 2 hivi, maana yake uniti moja haitapungua Sh90 petroli ikiwa Sh180, kabla ya kuhesabu oili na matengenezo.

Kinachosikitisha ni kwamba dizeli hiyo huchomwa jirani na chimbuko kubwa la umeme nchini. Mitambo ya Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ilianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini mwaka 1981, na leo mvuke hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Umeme upo, kinachokosekana ni soketi kwenye maegesho ya malori.

Jua ni la bure, betri si ya bure

Njia nyingine ni sola. Paneli ya wati 200 katika eneo lenye jua la kutosha inaweza kutoa uniti 0.7 hadi 0.8 kwa siku, kiasi kinachokaribia mahitaji ya mtu wa mfano wetu. Kikopey iko karibu na ikweta, na kwa kuwa jua la mchana hupita karibu na utosi, paneli iliyolazwa juu ya paa la gari hufanya kazi vizuri. Huko Ulaya, jua hukaa chini wakati wa baridi na paneli kama hiyo hutoa umeme kidogo sana.

Hata hivyo, mvua za Machi hadi Mei, vumbi la barabarani na kivuli cha mti hupunguza kiwango hicho. Anayeegesha mgunga ulipo ili apate ubaridi hujinyima umeme.

Gharama halisi ya sola imo katika betri. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampea 100 huhifadhi uniti 1.2, lakini ikitumiwa kupita nusu huharibika mapema. Tuseme imenunuliwa kwa Sh20,000 na kudumu kwa mizunguko 500 ya uniti 0.6: kila uniti iliyopita ndani yake imegharimu takriban Sh67. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo ikinunuliwa kwa Sh60,000, ikatoa uniti 1 kwa mizunguko 3,000, gharama hushuka hadi Sh20. Iliyo ghali dukani ndiyo rahisi barabarani.

Jambo la kuepuka ni kutumia betri ya kuwashia injini kwa feni na friji usiku kucha. Kulipopambazuka, lori halitawaka, na fedha za kumlipa fundi zitazidi akiba yote ya mwezi.

Hatari za kubana matumizi

Soketi ya kawaida nchini Kenya hubeba ampea 13 kwa volti 240, yaani kama wati 3,000. Birika na hita zikiwashwa pamoja kwenye waya mmoja mwembamba uliovutwa kutoka mkahawani, waya hupata moto na unaweza kuteketeza gari. Gari lililotengenezewa volti 120 za Marekani nalo halifai kuunganishwa moja kwa moja.

Hatari kubwa zaidi ni ya anayekwepa gharama ya hita kwa kuingiza jiko la makaa garini. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Katika nafasi ndogo iliyofungwa vioo, gesi hiyo humuua mtu akiwa usingizini. Kwa baridi ya Kikopey, blanketi nzito ni salama zaidi na haina bili.

Kwa anayeishi garini, basi, utaratibu wenye nafuu ni huu: kuchaji betri ya pili gari likiwa safarini, kuongeza sola kwa friji na taa, kulipia soketi inapopatikana, na kuzima injini mara tu lori linapoegeshwa. Wenye maegesho nao, wakiweka soketi chache zenye mita ndogo, watamwokolea dereva mamia ya shilingi kila usiku na bado wapate faida yao.