Hoteli zikiezua nyasi, mkata nyasi ashike lipi?

MWENYE hoteli anapoanza ukarabati, mara nyingi cha kwanza kushushwa ni paa la nyasi au makuti lililokuwa sifa ya baa yake. Badala yake hupanda bati la rangi, maarufu kama bati la msauzi, na dari ya jipsamu.

Kwa mkazi wa Kamsamba, wilayani Momba, anayekata nyasi za kuezekea au kusuka mikeka na kuipeleka Tunduma, hilo ni soko linaloondoka. Wengi husema wenye hoteli wanadharau vitu vya asili. Hesabu inasema vingine.

Tuchukue mfano. Paa la nyasi limegharimu Sh600,000 na linadumu miaka minne. Kila mwaka linamla mwenye hoteli Sh150,000. Paa la bati la ukubwa huo limegharimu Sh2,000,000 na linadumu miaka 20, yaani Sh100,000 kwa mwaka. Kilichoonekana rahisi siku ya kununua, ndicho ghali.

Hapo hatujagusa vumbi linalodondokea vyakula, panya na mchwa, wala siku ambazo baa hufungwa ili paa liezekwe upya.

Sababu ya pili ni moto. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise ya Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, ilishambuliwa kwa bomu na paa lake la makuti likashika moto. Mabomu ni nadra, lakini cheche ya jiko la nyama choma au hitilafu ya umeme ni mambo ya kila siku. Kampuni za bima hulijua hilo, na paa linaloshika moto haraka hutozwa zaidi.

Sababu ya tatu ni mteja mwenyewe. Mtalii kutoka Ulaya anapokwenda Zanzibar, makuti ni sehemu ya safari aliyoilipia. Tunduma ni mpakani. Wanaolala pale wengi ni madereva wa malori na wafanyabiashara wa kutoka Dar es Salaam, Lusaka au Lubumbashi. Wanataka maji ya moto, maegesho salama na usingizi. Baadhi yao wamekulia kwenye nyumba za nyasi, hawaoni kwa nini wazilipie.

Je, mkata nyasi aache kazi? La hasha, ila abadili anachouza.

Kwanza, auze paa pamoja na matunzo. Akate nyasi zilizokomaa na kukauka vizuri, aezeke kwa tabaka nene, na paa liwe na mwinamo mkali ili maji yasituame. Kisha akubaliane na mwenye hoteli kulikagua kila mwaka kabla ya mvua. Katika mfano wetu, paa likidumu miaka sita badala ya minne, gharama inashuka hadi Sh100,000 kwa mwaka, sawa na bati. Matunzo nayo yana bei yake, lakini sasa kuna cha kuzungumza.

Pili, aingie ndani. Hoteli inayoondoa nyasi juu bado huweza kununua mikeka ya ukutani, vikapu vya mkate na vifuniko vya taa. Ni vidogo, hubebeka kwenye basi, na kikichakaa kimoja hubadilishwa kimoja.

Tatu, akumbuke kwamba hoteli hubadili paa mara moja kwa miaka mingi, lakini hupika wali kila siku. Kamsamba inalima mpunga. Mchele usio na mawe, uliopangwa kwa madaraja na kufungwa kwa uzito wa kweli, hautegemei fasheni ya jengo.

Kwa hiyo, kabla ya kunoa mundu msimu ujao, panda gari uende Tunduma. Muulize mwenye hoteli paa lake linamgharimu kiasi gani kwa mwaka, na mchele anaununua kwa nani. Majibu hayo mawili yatakuonyesha uelekeze wapi nguvu zako.