Je, Wajua? Pemba ya Pishi, Frasila na Rupia

Je, wajua kwamba kimbunga cha mwaka 1872 ndicho kilichoipa Pemba utajiri wa karafuu? Kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, lakini mingi ya Pemba ikasalimika. Kuanzia hapo Pemba ikawa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Mwanzoni mwa karne ya 20, maisha ya Wete, Chake Chake na Mkoani yalifuata msimu. Karafuu zikiiva, mashamba yalijaa wachumaji, wengine wakitoka mbali. Malipo yao yalihesabiwa kwa pishi, yaani kipimo cha ujazo. Karafuu zilichambuliwa kwa mkono, zikaanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa hadi zikageuka rangi ya kahawia iliyokoza. Mvua ikinyesha, mbio! Hata makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayakutupwa. Nayo yaliuzwa, maana yana mafuta.

Sokoni karafuu zilipimwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi, kisha zikapakiwa vyomboni kwenda Unguja.

Pesa iliyotumika ilikuwa rupia, na ilitumika Zanzibar hadi mwaka 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki. Lakini wenye mashamba wengi hawakusubiri kuishika. Nje ya msimu walikopa nguo, mchele na fedha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mara nyingi kwa rehani ya mashamba yenyewe. Madeni hayo yaliwalemea wengi hata serikali ikalazimika kuingilia kati kwa sheria za mwaka 1934.