Mbio za Sakafuni Huishia Ukingoni: Injini Kubwa za Marekani Zilivyofundishwa Adabu na Tope la Afrika Mashariki

Chini ya miembe ya Onduparaka, kando ya mji wa Arua, fundi makanika haishiwi na kazi. Malori yanayotoka Kampala hupita huko yakielekea Vurra, mpakani mwa Kongo, au Koboko na Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini. Boneti inapofunguliwa na oili nyeusi inapomwagwa, mazungumzo ya madereva na maturniboi huwa ni yale yale: ni gari gani lenye nguvu kupita yote? Mmoja husifu injini yenye silinda nyingi, mwingine husifu gari jepesi, naye fundi husikiliza huku akikaza nati bila kusema neno.

Ubishi huo si mpya. Uliwahi kukatwa hadharani katika barabara za Afrika Mashariki mwaka 1964, na waliokuja kujifunza siku hizo walikuwa mabingwa wa Marekani wenyewe.

MAGARI YA MISULI

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya magari vya Marekani vilianza mtindo wa kuchukua gari la ukubwa wa kadiri na kulitia injini kubwa iliyokusudiwa magari mazito zaidi. Wamarekani waliyaita magari hayo magari ya misuli. Lililovuma zaidi lilikuwa Pontiac GTO la mwaka 1964, lenye injini ya lita 6.4.

Injini hizo zilikuwa za namna ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa safu mbili, nne kila upande, zikiinamiana kama herufi V. Kila silinda ina pistoni yake. Petroli iliyochanganyika na hewa hulipuka ndani, pistoni husukumwa chini, na mashina yote nane huzungusha mtaimbo mmoja. Kwa kuwa milipuko hufuatana upesi, injini haitikisiki sana na huvuta kwa nguvu hata inapozunguka polepole. Dereva akikanyaga mafuta, gari huruka kama swala aliyeshtuliwa.

Kiwanda cha Mercury, kilichokuwa chini ya kampuni ya Ford, kilikuwa na gari lake lililoitwa Comet. Mwishoni mwa mwaka 1963 Comet zilipelekwa katika uwanja wa mashindano wa Daytona, Florida, zikazungushwa usiku na mchana kwa muda wa siku arobaini hivi, hata zikamaliza maili 100,000, ambazo ni sawa na kilomita 161,000. Mwendo wao wa wastani ulizidi maili 100 kwa saa. Sifa zilienea kila mahali kwamba hapajatokea gari imara kama hilo.

Lakini uwanja wa Daytona ni lami tupu. Hauna korongo, hauna tope, wala hauna ng'ombe anayekatiza njia.

COMET ZAINGIA SAFARI

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa kawaida yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huanza kushuka. Barabara ya udongo mwekundu iliyokuwa vumbi asubuhi huweza kugeuka uji kabla ya jua kutua. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi saba tu. Aliyeshinda ni Nick Nowicki, akiongozwa njia na Paddy Cliff, katika Peugeot 404, gari la familia lenye silinda nne.

Mwaka uliofuata Mercury ilileta timu ya Comet sita. Zilitengenezwa chini ya usimamizi wa Bill Stroppe, fundi mashuhuri wa Long Beach, California, na kila moja ilikuwa na injini ya V8 ya lita 4.7. Injini ya ukoo huo, katika toleo lake la nguvu kubwa, ilitajwa na kiwanda kuwa na nguvu za farasi 271. Fedha hazikukosekana, wala mafundi.

Magari 94 yaliondoka. Yaliyofika mwisho yalikuwa 21. Kati ya Comet sita zilifika mbili tu, moja ikiwa ya 18 na nyingine ya 21, yaani ya mwisho kabisa. Mshindi alikuwa Peter Hughes pamoja na Billy Young, katika Ford Cortina GT, gari dogo lenye injini ya lita moja na nusu na nguvu za farasi zipatazo 78. Kampuni ile ile ya Ford ilishinda kwa mtoto wake mdogo na kushindwa kwa mtoto wake mwenye misuli.

KWA NINI NGUVU ILISHINDWA

Mwenye kuzoea barabara mbovu haoni muujiza katika habari hii. Injini kubwa ni chuma kingi, na chuma ni uzito. Uzito huo hukaa mbele, juu ya magurudumu yanayokata kona. Gari zito likiingia shimoni kwa kasi, pigo linalopokelewa na springi, shokomzoba na chesisi huwa kubwa kuliko lile la gari jepesi. Likizama katika tope, watu wawili hawawezi kulisukuma.

Tena nguvu isiyopata mahali pa kushika ni hasara. Juu ya lami kavu tairi hushika, na nguvu yote huwa mwendo. Juu ya utelezi tairi huzunguka bure, gari hujichimbia kaburi, na klachi huungua. Injini kubwa hutoa joto jingi, na joto hutaka rejeta safi na maji ya kutosha. Hula petroli nyingi, nayo petroli ni mzigo mwingine. Hatimaye kuna vumbi: chujio la hewa likiziba injini hukosa pumzi, na likipasuka, mchanga huingia katika silinda na kuzisaga kama mawe ya kusagia mtama. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sakafu ya Daytona ilikuwa imepata ukingo wake.

FUNDI NA MWANAMICHEZO

Mwaka 1965 somo hilo lilikaziwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, ambaye baba yake alikuwa na gereji. Joginder alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari ya mwaka huo kwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Hawakuwa na gari jipya, ila walikuwa na mikono iliyojua kila skurubu, na masikio yaliyotambua sauti ya ugonjwa kabla ugonjwa haujaua injini. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Colt Lancer.

Uganda nayo ilikuwa na mwana wake. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin Dada ilitangaza kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90, na jamaa ya Mehta ikawa miongoni mwa walioacha nyumba na mali. Miezi michache baadaye, Pasaka ya mwaka 1973, Mehta na msomaji njia wake Lofty Drews walimaliza Safari kwa Datsun 240Z wakiwa wamelingana alama na Harry Källström wa Sweden. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, kwa Datsun ya silinda nne. Mara tano hizo hakuna aliyezipita hata alipofariki London mwaka 2006.

Ushindi wote huo uliandikwa kwa jina la Kenya. Katika miaka ya 1970 mashindano yalikuja kubaki ndani ya Kenya peke yake, na watoto wa Uganda waliokuwa wakisimama kando ya barabara kuyapungia magari mkono hawakuyaona tena. Nchi inaweza kumpoteza fundi kwa siku 90, na kumpata mwingine kama yeye kukachukua maisha ya watu. Hata hivyo mbegu haikufa: mwaka 1999 Charles Muhangi wa Uganda alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari, na mwaka 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa.

MISULI YAREJEA IKIWA NA AKILI

Kisa cha injini kubwa hakikuishia matopeni. Aprili 1964, majuma machache tu baada ya Comet kushindwa, Ford ilitoa gari jipya liitwalo Mustang, ambalo baadaye lilipewa pia injini ya V8 ya lita 4.7. Miaka ikapita. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 juu ya usafi wa hewa, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973, zikayapunguzia magari ya misuli nguvu na wanunuzi.

Kisha, mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, yakaanzishwa mashindano ya magari ya zamani yaliyopita Kenya na Tanzania. Mwaka 2009 mashindano hayo yalishindwa na Ian Duncan wa Kenya, aliyekuwa amekwisha kushinda Safari ya mwaka 1994. Gari lake lilikuwa Ford Mustang.

Je, tope lilikuwa limebadilika? La hasha. Nguvu ilikuwa imepata bwana wake. Dereva aliyekulia katika barabara hizo anajua mahali pa kukanyaga mafuta na mahali pa kuachia, na gari lililotayarishwa kwa mashimo haliwi tena gari la sakafuni. Misuli si kosa; kosa ni misuli isiyokuwa na kichwa.

SOMO KWA WENYE SAFARI

Barabara ya kutoka Vurra kupita Arua na Koboko mpaka Oraba, ya kilomita 92 hivi, ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Ni neema kubwa kwa wafanyabiashara, wagonjwa na askari waendao likizo. Lakini lami ina mtego wake. Zamani shimo ndilo lililomkumbusha dereva kupunguza mwendo; leo inambidi ajikumbushe mwenyewe. Katika Uganda nzima watu zaidi ya 4,500 walipoteza maisha yao kwa ajali za barabarani mwaka 2023. Wengi hawakuwa mashindanoni. Walikuwa wakienda sokoni, shuleni, kazini au nyumbani.

Kwa hiyo mwenye gari, lori au pikipiki na ashike desturi ya mafundi wa Safari. Asubuhi, kabla injini haijawaka, apime oili na maji. Asafishe chujio la hewa mara kwa mara wakati wa kiangazi. Atazame tairi, ajaribu breki, akaze nati za magurudumu. Injini ikiwa ya moto, asifungue kifuniko cha rejeta, maana mvuke huunguza uso. Petroli isihifadhiwe jikoni wala katika chumba cha kulala watoto. Mke wa askari anayemwona mumewe akiondoka alfajiri anayo haki ya kuuliza kama breki zimetazamwa, naye mume mwenye busara hatalichukia swali hilo.

Wala dereva anayechelewa asione aibu. Miongoni mwa wale 73 ambao hawakufika mwaka 1964 walikuwamo waliokuwa na mbio kuliko wengi wa wale 21 waliofika. Pale Onduparaka, ubishi wa madereva ukimalizika, fundi hufunga boneti, hufuta mikono yake kwa kitambaa na kuwaambia waende salama. Katika mashindano ya kweli ya kila siku, zawadi ni moja tu: taa ya nyumbani inayowashwa jioni, na watoto wanaokimbia njiani kumpokea aliyefika.