Rwanda: Bustani ya jikoni yavusha familia kiangazi

Nchini Rwanda, mwaka wa mkulima hugawanyika katika misimu mitatu. Msimu A huanza Septemba pamoja na mvua za vuli. Msimu B hufuata mvua za masika, kuanzia Machi. Na msimu C huangukia kiangazi, ambapo kilimo hubakia zaidi mabondeni palipo na maji.

Kwa familia inayoishi kilimani, kiangazi ndicho kipindi kigumu, kwani mboga za majani huadimika. Hapo ndipo inapofaa akarima k'igikoni, yaani bustani ndogo ya jikoni inayojengwa kando ya nyumba. Udongo uliochanganywa na samadi huinuliwa kwa ngazi za duara, huku mawe au vijiti vikiuzuia usimomonyoke. Hupandwa dodo, kama mchicha unavyoitwa huko, pamoja na karoti na vitunguu. Wakati wa mvua kubwa, mwinuko huo huzuia maji yasituame na kuozesha mizizi. Wakati wa jua kali, matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu, na maji yaliyooshea mboga humwagiliwa jioni.

Serikali huhimiza bustani hizo katika vita dhidi ya udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019–2020 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 38 mwaka 2014–2015.

Bustani pekee haimalizi tatizo hilo, lakini humwezesha mtoto kupata mboga hata mvua inapokatika.