Fahamu: Mwendokasi ni nini, na unapunguzaje foleni Dar es Salaam?

Mwendokasi ni mfumo wa mabasi makubwa yanayopita katika njia zake maalumu, bila kugombania nafasi na daladala, bajaji wala magari binafsi.

Ulikotoka

Mfumo wa aina hii ulianzia Curitiba, Brazili, mwaka 1974. Dar es Salaam ulianza kubeba abiria Mei 2016, katika awamu ya kwanza ya takriban kilomita 21: Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani.

Unavyofanya kazi

Tiketi hukatwa kituoni kabla ya basi kufika, hivyo basi halikai likisubiri chenji. Jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi. Hili halizungumzwi vya kutosha: mzee, mama mwenye mtoto mgongoni na mtumiaji wa kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi.

Kinachoukwamisha

Njia pekee haitoshi. Mabasi yakiwa machache, msongamano huhamia vituoni; abiria aliyechoka kusubiri hupanda bodaboda, na mwenye gari haliachi nyumbani. Tena karakana ya mabasi hayo pale Jangwani ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, ambako mafuriko yamesumbua mara kadhaa.

Na barabara za juu?

Daraja la Mfugale pale TAZARA (2018) na la Kijazi pale Ubungo (2021) yalifungua makutano yaliyokuwa na msongamano. Lakini magari yakizidi kuongezeka, foleni husogea hadi makutano yanayofuata. Basi lililojaa hubeba watu wengi kwa nafasi ndogo ya barabara, mradi lifike kwa wakati.